Walioinama na Mzee Shomari

Leo nusura Mzee Shomari aswalishe watu wasiojua wanaswali.

Chama cha wapenda mimea ya asili kilialika majirani wote wa mtaa wetu wa Rosettenville kupanda kilimani kuangalia maua pori. Nikaenda na Mzee Shomari, jirani yangu, mtu wa Tanga.

Maua yenyewe madogo mno. Kuyaona lazima upige magoti.

Adhuhuri ikaingia. Mzee akajitenga, akatandika koti lake, akaanza kuswali.

Aliposujudu, mama mmoja wa chama akanong'ona kwa Kiingereza: "Yule kaona kitu!"

Eish.

Wanachama wakamfuata Mzee kwa kunyata, kamera mkononi, wakapiga magoti kumzunguka na kupekua majani.

Ningewazuia, ila nilikuwa na chai mdomoni.

Mzee akatoa salamu kulia, akakutana na kamera. Kushoto, kamera nyingine.

Akanigeukia polepole. "Mwanangu, watu wote hawa, hata mmoja hakuelekea kibla?"

Mama akataka kujua kasema nini.

Jamani, nyie mngetafsiri vipi?

Mimi nilisema: "Anasema mmekosea upande."

"Upande gani, basi?"

Nikamuuliza Mzee, akanyoosha kidole kaskazini.

Wakageuka wote, wakainama tena.