Musyoka na Mjapani wa Kanda za Mzee Abdi

Enzi zetu kule Tawa, mtoto akianguka aliamka mwenyewe. Hakuna aliyekuja mbio kukupuliza goti. Ulijikung'uta, ukatema mate kwenye jeraha, ukalipaka vumbi, ukarudi mchezoni. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Tulivaa akala zilizokatwa kwa tairi kuukuu, zikatuachia alama nyeusi miguuni mpaka Krismasi. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mchana, tukala muthokoi jioni, na asubuhi tukakwangua ule uliolala kwenye sufuria, tukafurahi. Leo nakutana na kijana mzima amejikunja kwenye kiti, uso umemshuka kama aliyefiwa, ukimuuliza kuna nini anakwambia chaji imeisha.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mkavu, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi kooni hata wakati wa jua la Januari. Alikuwa na neno moja kwa kila jambo: "Amka." Ukianguka kutoka juu ya mpera, amka. Ukifeli hesabu, amka. Mama yetu, tuliyemwita Mwaitu kama Wakamba wote wamwitavyo mama, tulimzika siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi Baba alituita uani, mimi na kaka yangu Musyoka, akatukagua kola na kucha, akasema, "Haya, amkeni. Mwende shule." Mimi nilikuwa na miaka tisa, Musyoka kumi na miwili. Tulienda. Musyoka alinishika mkono njia nzima na hakuna aliyelia, na watu wa kijiji walimsifu Baba kwa kutulea vizuri.

Jumamosi, baada ya kufua sare, tulishuka mtoni. Mto wetu haukuwa wa maji ya kuonekana. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama kiwanja cha mpira, na maji uliyachimbua kwa bakuli. Katika mchanga ule tulipigana mieleka, wavulana na sisi wasichana wachache tuliokuwa na vichwa vigumu. Ungeweza kurushwa juu ya bega la mtu, ukatua kwa mgongo, ukacheka. Mchanga huo haupo tena. Malori yameubeba wote kwenda kujenga maghorofa ya watu, ikabaki miamba, na mjukuu wa jirani alianguka pale mwaka jana akavunjika mkono.

Aliyetuletea Mjapani alikuwa Mzee Abdi. Alitoka upande wa Garissa na biashara ya mbuzi, akaishia kufungua duka la sukari na vitambaa pale sokoni. Binti yake Halima alikaa dawati moja nami. Mzee Abdi alikuwa na ndugu Mombasa, na kila alipopata kanda za video alimtumia kwa basi, zimefungwa kwa gazeti. Mzee Abdi alikuwa na televisheni iliyotumia betri ya gari, na Jumamosi alasiri alituruhusu kuketi stoo, katikati ya magunia ya ndengu. Mama Halima alilalamika kwamba tunamletea viroboto, kisha akatupitishia chai yenye iliki.

Kanda nyingi zilikuwa za mieleka, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za Mjapani mmoja. Jina lake hatukuweza kulitamka. Tukampa la kwetu, Mutinda, yaani anayekawia, kwa sababu wenzake walishuka ulingoni na yeye bado yumo. Hakuwa mkubwa. Kwenye kanda za kwanza alikuwa chipukizi mwembamba wa bukta nyeusi, anatupwa huku na huku na wazee wa kazi kama gunia tupu. Kanda iliyofuata alikuwa amejifunza kumkumbatia mtu kwa nyuma, kujipinda kama upinde, na kumtupa juu ya kichwa chake. Baadaye akaiacha mieleka ya maonyesho, akaingia kwenye mapigano ya kweli, ambapo ngumi ni ngumi na goti ni goti. Tulimwona akipambana na jitu lililokuwa pana kama ghala la mahindi. Tulimwona akivunjwa pua. Kanda nyingine alirudi na goti limefungwa bandeji, nyusi zimeshonwa, masikio yamejikunja kama ngozi iliyokaushwa vibaya. Alipoteza mapambano mengi. Alirudi kila mara.

Lakini kulikuwa na jambo moja tulilolichukia. Akikamatwa mkono au shingo, na hakuna pa kutokea, Mutinda alipiga turubai kwa kiganja, paa paa paa, kumwambia refa kwamba imetosha. Tulizomea mpaka magunia yakatetemeka. "Peleka mbele, Mzee! Peleka mbele!" Mzee Abdi alibonyeza kitufe, na aibu ile ikapita mbio.

Siku moja alituuliza, "Mkono wake ungevunjika. Nyinyi mnataka uvunjike?"

"Angevumilia," Musyoka akasema.

"Haya," Mzee Abdi akasema, akapeleka mbele.

Musyoka alijifunza kila kitu pale stoo na mtoni. Alijua kuanguka kwa mgongo huku akipiga mchanga kwa mikono miwili. Alijua ule mtupo wa kujipinda. Baba alimchapa mara ya kwanza alipochana shati la shule, akamchapa mara ya pili. Mara ya tatu Musyoka aliwaangusha wavulana watatu kutoka Nunguni siku ya michezo, wakubwa kuliko yeye, na watu wa soko wakaanza kumwita Baba "baba yake Musyoka" badala ya "mwalimu". Fimbo ikarudishwa juu ya kabati.

Alipomaliza kidato cha nne, kocha mmoja wa Machakos alimchukua. Alianza na karate, akaenda kwenye mateke na ngumi, mwisho akaingia mapigano yaleyale ya Mjapani wetu, ya kila kitu pamoja. Alipigana kwenye kumbi za mikutano, kwenye viwanja vya shule, Mombasa, Nairobi, mara mbili Kampala. Alivunjika mtulinga. Alivunjika taya, akala uji kwa mrija wiki sita, na wiki ya saba alikuwa anakimbia kupanda mlima wa Nunguni alfajiri. Alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, lakini hakuwahi kupiga turubai hata siku moja. Watu walimpendea hilo. Waliandika kwenye mabango: Musyoka, Asiyelala. Hata mimi nilikata bango moja nikalibandika chumbani kwangu chuoni, kwa fahari.

Pambano la mjini Wote lilikuwa Jumapili alasiri, jua kali. Nilikuwa nimehitimu uuguzi mwaka huo. Musyoka aliniweka kwenye kona yake na akampa kocha masharti mbele yangu: "Taulo atashika Mutheu. Mtu mwingine akilitupa, sitamsamehe." Alinikabidhi mwenyewe, taulo jeupe, la kutupwa ulingoni kusimamisha pambano, bado lina harufu ya dukani. Alicheka. "Usilitumie, lakini. Ni la kujipangusa jasho."

Mpinzani wake alikuwa kijana wa Pwani, mwepesi, ana heshima. Alimwangusha Musyoka mara ya kwanza kwa ngumi, Musyoka akaamka. Mara ya pili kwa goti, akaamka akiwa amegeukia upande usio na mtu. Kengele ilipolia nilimshika kichwa kumpa maji, na nikaona mboni ya jicho lake la kushoto imekuwa kubwa kuliko ya kulia. Nilijua maana yake: damu inavuja ndani ya kichwa. Nilikuwa nimefundishwa maana yake, nikaulizwa kwenye mtihani, nikajibu sawasawa.

Kocha aliniinamia. "Sister, mimi nimeona ya kutosha. Tupa."

Nyuma yangu, safu ya kwanza, Baba alikuwa ameketi na shati lake limefungwa hadi kooni. Sikugeuka. Nilimsikia tu.

"Ataamka. Mwacheni."

Musyoka alirudi katikati, akaangushwa mara ya tatu. Nililiinua taulo hadi kifuani. Watu wote walikuwa wamesimama wanaita jina lake. Nililikunja, mara moja, mara mbili, vizuri, kama shuka la hospitali, nikaliweka mapajani.

Akaamka. Sijui aliamkia wapi, lakini aliamka, akamkumbatia yule kijana kwa nyuma, akajipinda na kumtupa juu ya kichwa chake kama tulivyokuwa tukifanya mchangani, na yule kijana hakuinuka. Musyoka alishinda. Uwanja uliingia wazimu. Walimbeba. Baba alilia, machozi kabisa, mtu ambaye hakulia siku tulipomzika Mwaitu, akaniambia, "Umeona? Umeona?"

Katika chumba cha kubadilishia nguo nilimfungua glavu. Musyoka aliketi kwenye benchi akitazama ukuta.

"Theu," akaniuliza, "tunaingia saa ngapi?"

"Umeshamaliza, kaka. Umeshinda."

"Sawa," akasema. Halafu, kwa sauti ileile: "Tunaingia saa ngapi?"

Walimpasua kichwa jioni ileile kupunguza damu. Alipona, kwa maana ya watu wa hospitali. Anatembea akishika ukuta. Mkono wa kulia unatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni. Siku nyingine ananiita Mwaitu, na mimi naitika, kwa sababu nikimkatalia anaanza kumtafuta. Wale waliombeba kule Wote walikuja miezi miwili ya kwanza na matunda. Kisha likapatikana bango la mpiganaji mwingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu tunapokaa kwenye harusi na matanga kusifu malezi yetu. Wanasema tulikuwa wagumu. Wanasema watoto wa sasa ni mayai. Ni kweli kwamba vijana nyumbani kwangu wanapigana mieleka kwa vidole gumba, wamelala chali kwenye kochi, na wakishindwa wanaanza upya wakiwa na biskuti mdomoni. Zamani ningecheka. Sasa nawatazama nikishukuru.

Binti yangu Ndanu ndiye aliyempata Mjapani. Nilimsimulia, akatafuta kwenye simu, na baada ya dakika chache akaniletea. Nilimtambua kwa masikio. Amezeeka, ana nywele za mvi na fimbo, anafundisha watoto katika ukumbi mdogo. Alikuwa akihojiwa, na maneno yameandikwa chini kwa Kiingereza. Herufi zilikuwa ndogo mno kwangu, Ndanu akanisomea. Mzee alisema somo lake la kwanza kwa kila mtoto ni kupiga turubai, na mtoto haruhusiwi kujifunza kumtupa mwenzake mpaka alijue hilo. Alisema yeye amepiga turubai mara nyingi kuliko mpiganaji yeyote anayemjua, na ndiyo sababu alipigana miaka mingi, na ndiyo sababu bado anawajua wanawe kwa majina.

Musyoka alikuwa kando yangu. Nilimsogezea simu.

"Unamkumbuka huyu?"

Aliangalia kwa makini, kwa adabu. "Ni nani? Ni wa kwetu?"

"Wa kwetu," nikamwambia.

Baba amevuka miaka themanini. Analala chumba kimoja na Musyoka, na uji wa asubuhi anamlisha yeye, hakubali mtu mwingine. Huwa simwamini kwa mengi, lakini katika hilo ana subira ambayo hatukuiona utotoni. Juzi nilikuwa nikichambua mbaazi mlangoni, akaniuliza bila kugeuka.

"Mutheu. Siku ile kule Wote, taulo lilikuwa kwako?"

"Lilikuwa kwangu, Baba."

"Na ulikuwa nesi tayari."

"Ndiyo."

Alimpangusa Musyoka kidevu. "Mbona hukulitupa?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejitayarishia jibu refu. Liliisha lote. "Nilikuogopa wewe," nikasema.

Alikaa na kijiko hewani mpaka uji ukaanza kudondoka. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali ubaoni, "Mimi nilikuwa nangoja ulitupe."

Sijui kama ni kweli au ni uzee. Sikumuuliza. Tulikuwa tumekaa hivyo, watatu, wakati nilipomwita Ndanu aje anisaidie kumwogesha mjomba wake. Alitoka chumbani na macho mekundu ya kusoma usiku kucha.

"Mum, leo siwezi. Nimechoka kabisa. Nitakusaidia kesho."

Enzi zetu, neno "siwezi" mbele ya mzazi lilitosha kuishusha fimbo kutoka juu ya kabati. Nilimwona Baba akiinua kichwa. Midomo yake ilijiandaa kwa lile neno lake, nami nikaingoja sauti kama nilivyoingoja maisha yangu yote.

Hakusema kitu. Nikamwambia binti yangu aende akalale.