Futa Hapo Penye Wavu

Kija Luhaga wa Mkolani, tunayemwita Mama Chenge, hapendi kufundishwa. Shule aliishia darasa la pili, kusoma anasoma kwa kukokota, lakini kwa samaki, asikwambie mtu. Ndiyo maana kikundi chao cha akina mama kilipopata kizimba cha wavu cha kufugia sato ziwani, kule Luchelele, zamu ya asubuhi alikabidhiwa yeye.

Siku hiyo ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa. Alipofika na mtumbwi aliwakuta sato wamejaa juu, midomo wazi, wanatweta kama watoto wenye pumu. Kadhaa walishageuza matumbo juu. Akampigia simu Evelina, katibu wao. Evelina akaja mbio na mtumbwi mwingine, akapanda kwenye mbao za kizimba.

"Shikamoo Mama. Afisa uvuvi hapokei. Tuiulize akili mnemba ya kwenye simu."

"Uliza basi! Unangoja wafe wote?"

Evelina akaandika: samaki wangu wanakufa, nifanye nini. Jibu likaja upesi. Badilisha maji, weka mengine safi.

Kija akaliangalia ziwa lote mpaka macho yakachoka. "Nibadilishe hili? Haya nikayamwage wapi, Misri?"

"Mama Chenge, yenyewe haituoni. Inadhani tuna beseni. Inajibu kile unachoiambia tu, kwa hiyo tuiambie kila kitu."

Akaanza upya, akitamka anavyoandika. Ni sato, wako kwenye kizimba, Ziwa Victoria. Upepo hakuna tangu jana. Wanahema juu ya maji tangu alfajiri. Mara ya mwisho walikula jana jioni. Kisha akafungua daftari la zamu, akaona alama za vema zimejipanga wiki tano, akaandika kimya kimya.

Kija akainamia kioo cha simu. Akakokota. Tu-na-u-su-gu-a wa-vu ki-la wi-ki.

 Wavu ule hakuwa ameugusa. Alikuwa na yake kichwani: sato anakula ule utando wa kijani unaoota wavuni, basi kuusugua wavu ni kumwaga uji wa watoto. Hakutaka kubishana na watu waliojulia samaki kwenye semina. Akawa anaweka vema, anaenda zake. Na katika kikundi alikuwamo Bernadeta, mwanamke ambaye jambo kama hilo angelicheka mpaka wakalisikia huko Magu.

Sato mwingine akageuka, pale pale miguuni pao.

"Umeshatuma?"

"Bado." Kidole cha Evelina kilikuwa kinashuka.

"Futa hapo."

"Wapi?"

"Hapo penye wavu. Ni uongo."

"Mama, daftari linasema..."

"Daftari si nimeliandika mimi! Haujasuguliwa wiki tano. Utando umeziba matundu, hata kidole hakipiti. Andika hivyo hivyo."

Evelina akamkazia macho. "Wiki tano? Samaki wa wanawake kumi na wawili, Mama Chenge?"

"Utanisema baadaye. Andika!"

Akaandika. Safari hii jibu halikutaja kubadilisha maji. Wavu ulioziba haupitishi maji mapya, likasema, na bila upepo samaki wanakosa hewa. Msiwalishe leo. Ondoeni waliokufa. Sugueni wavu sasa, taratibu, msiwashtue.

Kija hakungoja lisomwe mpaka mwisho. Alishakuwa mtumbwini na brashi, kanga kaifunga kiunoni. Evelina akashika upande wa pili. Utando ulitoka mabongemabonge, vidole vikachubuka. Kila Kija alipoinua macho, midomo ilikuwa bado juu.

Yapata saa nne maji ya kizimbani yakaanza kuchezacheza. Sato wa pembeni wakarudi chini kwanza, halafu wa katikati, wachache wachache. Ndoo tatu za waliokufa zilikuwa zimejaa.

Ndipo mtumbwi wa Bernadeta ukagonga mbao. "Jamani! Nani kawaua samaki wetu?"

Evelina akafumbua mdomo. Kija akamuwahi.

"Ni mimi. Wavu sikuusugua. Shika brashi, upande ule bado."