Mguu wa Kulia Mlangoni mwa Hekalu

Mwanangu wa kiume alikuwa kashanitayarishia chumba cha chini nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos, kule kwetu Maskati, na kitanda kakinunua bila ya kuniuliza. Nyumba yangu ya Matrah ina ngazi ya vidato kumi na saba, na mimi nilikuwa Bangkok, nimefanyiwa operesheni ya goti la kulia. Lakini sikuwa tayari kuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, hata kama watu wenyewe nimewazaa mimi.

Basi mimi na yeye tukawekeana sharti kwenye simu. Binti yangu, aliyekuwa akiniuguza, alikuwa ametuandikisha matembezi ya kikundi ya siku moja: asubuhi soko la kwenye maji, mchana mahekalu ya Kibuddha. Nikipanda na kushuka kila mahali bila ya kushikwa, narudi kwangu. Nikishikwa hata mara moja, nahamia kwake. Binti yangu ndiye shahidi.

"Na weye usimfichie," kaka yake akamwonya.

Sokoni, mwenye mtumbwi alininyooshea mkono. Nikampa mkoba wangu aushike, nikashuka peke yangu, mguu mbovu mbele, kama nilivyofundishwa hospitali: kushuka unatanguliza mguu uliopasuliwa, kupanda unatanguliza mzima. Wenzetu wa kikundi walinunua maembe na samaki wa kuchoma kwa kina mama waliouza ndani ya mitumbwi yao. Mimi sikununua kitu. Nilikuwa nafikiria namna ya kutoka mle, na nilitoka, kwa mguu wa kushoto, jasho linanitiririka ndani ya buibui.

Mpaka tunafika hekalu la mwisho goti lilikuwa limevimba. Vidato tisa, hakuna pa kujishikilia, na juu yake kizingiti kirefu.

"Mama, nnakuomba, kaa kwenye basi. Kaka sitomwambia kitu."

"Sikai. Nami sikukuleta umwongopee kaka yako."

Nikavivua viatu kwa ncha za vidole, nikapanda kushoto kwanza, kidato kimoja kimoja. Kufika kizingitini nikaona watu kimya, peku, vichwa wameinamisha. Sijui akili ilikwenda wapi. Miaka yote hii nikiingia msikitini natanguliza kulia, na mguu haukuningoja nifikiri. Nikajikuta nimeupandisha ule wa operesheni, uzito wangu wote juu yake.

"Mama! Mguu gani huo?"

Nikasema astaghfirullah, mguu kuutukuza mlango usiokuwa wetu. Kisha nikagundua nimesimama. Goti limenibeba. Nilicheka mpaka walinzi wa hekalu wakanigeukia.

Nikashuka vile vidato tisa peke yangu. Chini kabisa nikashindwa na jambo moja tu, kuinama kuvaa viatu. Binti yangu akapiga magoti vumbini, akaanza kunivisha, na papo hapo simu ikalia.

"Alishikwa?" nikamsikia kaka yake.

Binti yangu akautazama unyayo wangu uliokuwa mkononi mwake.

"Hakushikwa," akasema.

Wiki ya pili mwanangu alitupokea uwanja wa ndege wa Maskati. Njia nzima hakuzungumzia chumba. Tulipokaribia pa kukatia Madinat Sultan Qaboos niliukamata mkanda wa gari kwa mikono miwili. Akanyoosha moja kwa moja mpaka Matrah.