Kicheko cha Msibani Kilichonitia Hofu

Ipo siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani, na leo nikikuona umekunja uso hivyo inanirudia yote. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami ni msichana, nasomea ualimu hapa hapa Dar es Salaam. Nilikaa Kariakoo kwa shangazi yangu, nyumba ya kuelekea Msimbazi. Mama yangu alikuwa amefariki, na arobaini yake haijafika. Usinipe pole sasa, imechelewa. Nyamaza nikusimulie, maana mimi sipendi kukatizwa.

Siku hiyo mwalimu wetu alileta darasani mashine ya kunasa sauti. Dude zito, lina utepe unaozunguka kutoka gurudumu hili kwenda lile. Ndani yake mlikuwa na mhadhara alioutoa msomi mmoja mgeni katika ukumbi wa pale Mnazi Mmoja, juu ya saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya mtu. Mkalimani wake alikuwa pembeni akigeuza maneno kwa Kiswahili. Watu walijaa pomoni siku ile, sisi wanafunzi tukakosa hata pa kusimama, ndiyo maana tukaletewa sauti. Mwalimu akatuambia, "Sikilizeni, kisha kila mmoja aniandikie uchambuzi. Amesema nini, amejuaje, na wewe unaonaje."

Tukasikiliza. Alizungumza vizuri yule bwana, siwezi kumsingizia. Alieleza hofu, akaeleza hasira, mwisho akafika kwenye msiba. Mkalimani akatamka kwa sauti nzito: "Mtu anayecheka katika msiba wa mzazi wake, ama hakumpenda, ama nafsi yake ina ugonjwa." Mara kengele ikalia. Mwalimu akazima mashine, wenzangu wakatoka wakipiga soga. Mimi nilibaki kwenye dawati.

Kwa sababu mimi nilicheka, mwanangu. Msiba wa mama yangu mzazi, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma!

Nikueleze ilivyokuwa. Sisi Wazaramo, watani wetu ni Wanyamwezi, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema na kufanya atakalo. Sasa palikuwa na Bi Nyamizi, Mnyamwezi, aliyekuwa akiuza mihogo sokoni jirani na meza ya mama. Wanaume walipokwenda makaburini, yeye akaingia uani amejifunga kanga ya mama, mkono kiunoni, akaanza kumwigiza marehemu anavyopigania bei na wenye nyanya: "Nyanya zimekunjamana kuliko uso wa mama mkwe wako, halafu unataka bei ya harusi!" Mama mtupu! Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, nami niliwashinda wote. Na chozi, mwanangu, lilikuwa halijanitoka hata moja.

Basi nilirudi nyumbani na maneno ya mashine yamenikaa kifuani. Nikajiambia, kumbe sikumpenda mama. Mtoto mzima, kalelewa kwa jasho la sokoni, kumbe hakuwa na mapenzi. Chakula kikawa hakipiti, uchambuzi ukawa hauandikiki. Niliogopa mno, na sikumwambia mtu.

Kesho yake Bi Nyamizi akaja kutujulia hali, na hata hajafika ukumbini kaanza: "Enyi Wazaramo, mgeni hapewi hata maji? Marehemu kawakimbia kwa uchoyo wenu!"

Nikapasuka. "Bi Nyamizi, koma! Mama yangu si mchezo!"

Bi Nyamizi aliinamisha kichwa, akachukua kapu lake, akatoka. Lo! Kumnunia mtani, tena msibani? Kwetu hilo halijapata kusikika. Shangazi alinishika mkono akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

"Umepatwa na nini wewe?"

Nikamweleza yote, ya mashine na ya msomi na ya moyo wangu mgonjwa. Nilidhani atanichapa kofi. Akakaa kitandani, akanivuta nikae kando yake.

"Mama yako alipokata roho," akasema, "wewe ulikauka. Hulii, husemi, huli. Niliogopa nitazika wawili. Mimi ndiye niliyemwendea Nyamizi nikamwambia, mtani, niokolee mtoto. Na ulipocheka tu, uliomba uji. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Sasa huyo bwana wako wa kwenye mashine sijui kazika wapi na wapi. Kuuliza si ujinga. Nenda kamsikilize tena, na ukitoka huko umwombe radhi mtani."

Nikaenda. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kuusikia tena ule mhadhara, mpaka mwisho."

"Marahaba. Mwishoni ni maswali ya watu tu," akasema, lakini akaiwasha mashine.

Mwanangu, kabla ya yale maneno yaliyoniua, msomi alikuwa ametanguliza haya: "Kwa watu wa kwetu, niliowachunguza mimi." Sikio langu lilikuwa limeyaruka! Na baada yake, pale tulipozimiwa mashine, ikasikika sauti ya mzee kutoka nyuma ya ukumbi: "Bwana, na watani je?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mkalimani akahangaika kumfafanulia mgeni mtani ni nani. Kisha msomi akajibu, "Hilo silijui. Sikulichunguza. Nitashukuru mkinifundisha."

Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu jana. Nikacheka peke yangu, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale ya mama, yote kwa pamoja. Maskini mwalimu, hakujua anipe maji au aite watu. Uchambuzi niliuandika pale pale, na aliupokea vizuri.

Sokoni nikamkuta Bi Nyamizi na mihogo yake. "Shikamoo, Bi Nyamizi. Nimekukosea, nisamehe."

"Marahaba. Mzaramo asipokosea ataumwa! Nataka jogoo." Nikampelekea jogoo wa shangazi, na shangazi akaninunia mimi.

Sasa nawe, mwanangu, najua kilichokukunja uso. Umesikia mtaalamu akisema watu wa namna fulani wana kasoro, nawe ukajiona ndiwe. Elimu ipende; mimi nimeila na kuifundisha mpaka meno yameniisha. Lakini usiuhukumu moyo wako kwa maneno uliyoyasikia nusu. Sikiliza hadi mwisho, uliza amewapima akina nani, na walio karibu nawe waambie kinachokutisha, maana wao walikuwapo. Mimi nusura nimpoteze mama mara mbili kwa kukaa kimya.

Mungu akufungulie masikio, akutulize moyo, akuzungushie watu wa kukuchekesha ukikauka. Na siku yangu itakapofika, watani wakiingia uani wamejifunga kanga yangu na kuniigiza ninavyofoka, ucheke, mwanangu. Ucheke sana. Nimekuridhia tangu leo.