Kwa Mama Mkubwa, Ng'ambo ya Barabara

Barabara mpya imenifaa, nisiwe mwizi wa fadhila. Nafanya kazi Mombasa na nyumbani ni Mtwapa, na kwa miaka mingi nimekwenda na kurudi nikiwa nimenuna. Magari yalikuwa yakisimama tu, yamefungana, dereva azima injini ashuke akanunue kahawa. Kwa hivyo tuliposikia barabara itapanuliwa, nilifurahi waziwazi, na anayesema hakufurahi namwona muongo.

Nyumba yetu iko upande wa bahari. Ni nyumba ya babu, na ndimo walimozaliwa mamangu na dadake mkubwa. Mama mkubwa alipoolewa hakwenda mbali, alivuka barabara tu. Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, lami imelika kandokando, na mtu akitaka kuvuka alingoja gari lipite, akavuka. Mama alikuwa akivuka kila siku, amejitanda leso, ndara miguuni, mkononi bakuli lililofunikwa kawa.

Kwetu ni aibu kumrudishia mtu chombo kitupu. Mama akipeleka mbaazi za nazi, bakuli hurudi na kaimati. Kaimati zikishaliwa, mama hana budi kulijaza kitu kingine alirudishe. Kwa mtindo huo wale wawili wasingeweza kuachana hata wangetaka, na nilikuwa nikiwatania kwamba hawajui tena bakuli ni la nani. Wala mama hakupita mbele. Mlango wa mbele ni wa wageni. Yeye alizunguka nyuma, akaingia uani bila kubisha, akafunua sufuria aone kumepikwa nini, akatia kasoro. Mama mkubwa akimjibu, sauti zao zilisikika mpaka kwa jirani. Wakishamaliza kuteta walikaa kwenye jamvi wakachambua mchicha.

Kabla kazi haijaanza uliitishwa mkutano. Alikuja mhandisi, kijana mpole, akatandaza ramani juu ya meza na kuuliza, "Nyinyi hapa mwavuka wapi zaidi?" Wanaume wakasimama mmoja mmoja. Huyu alitaja msikiti, huyu steji, huyu skuli. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, mama na mama mkubwa bega kwa bega, na alipowageukia wakaitikia kwa pamoja kwamba wao wameridhika, yote waliyosema wanaume ni sawa.

Tulipokuwa tukirudi nikamuuliza mama, "Mbona hukusema mwavuka hapa kwetu?"

"Niseme nini? Nisimame mbele za watu niseme navuka kupeleka mbaazi?"

Nilikasirika, lakini hata mimi naijua haya hiyo. Mambo ya jikoni hayapelekwi mkutanoni.

Basi daraja la kuvukia watu likajengwa steji, mbali na kwetu, tena lenye ngazi ndefu. Mbele ya nyumba yetu zikaja njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati ukuta wa saruji unaomfika mama kifuani. Mama ana magoti mabovu. Siku ya kwanza alikwenda mpaka kwenye zile ngazi, akapanda chache, akashuka, akarudi nyumbani na bakuli lake. Chakula kile tulikula sisi wawili.

Baada ya hapo mbebaji nikawa mimi. Jioni nashuka steji, naenda kulichukua bakuli, napanda ngazi, navuka, narudi. Chakula kilifika, mama hakufika. Wakajaribu simu, lakini mama si mtu wa simu. Husalimu, huuliza hali, kisha hukata kama aliyeitwa. Hawezi kugombana na mtu asiyemwona, na bila kugombana hao hawana mazungumzo. Nilianza kuhofia kwamba watazoea.

Jumapili moja nikaita tuktuk. Nilimwambia mama, leo nakupeleka mwenyewe. Alivaa buibui la kutokea na kujifukiza udi, kwa sababu mtu hapandi chombo na leso ya jikoni. Tukaenda kuelekea Mombasa mpaka penye njia ya kugeuzia, tukageuka, tukarudi upande wa pili. Njia nzima mama alikuwa akiitazama nyumba yetu ikipita ng'ambo ya ukuta.

Tuktuk ikasimama mbele ya nyumba. Mama mkubwa akasikia mlio, akafungua mlango wa mbele.

"Karibuni! Karibuni! Piteni ndani."

Nilimwona mama akiuangalia upenu wa kwenda uani. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mwenye nyumba amesimama. Akavua viatu, akapita mbele, akakaa kwenye kochi. Baada ya kitambo akainuka kwenda jikoni.

"Wenda wapi?" mama mkubwa akamzuia. "Kaa. Watoka safari, wewe."

Mama akakaa. Ikaletwa sharubati kwenye sinia, katika zile bilauri zinazokaa kabatini. Akanywa taratibu, akasifu, akasema inatosha. Hakutia kasoro hata moja. Waliulizana habari za watu wa mbali, vizuri, kwa adabu, na mimi nikakaa katikati yao nikitamani hata mmoja apandishe sauti.

Tulipoaga, mama mkubwa alitusindikiza mpaka kwenye tuktuk. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akifanya yote kama alivyolelewa kuyafanya. Akamshika mama mkono, akamwambia, "Haya, wasalimie nyumbani."

Mama akajibu, "Zimefika."

Nyumbani kwenyewe hakuna mtu ila mimi, nami nilikuwa nimesimama papo hapo, nimemshikia mkoba.