Ukurasa Alioupasua Koko

Karatasi ikipasuka haichukui hata sekunde mbili, lakini mimi sauti hiyo naisikia tangu mwezi wa tatu. Naisikia darasani, naisikia kanisani, naisikia nikiwa nyuma ya moto, pikipiki ya abiria, pale Nyawera.

Asanteni kwa kunifichia jina katika safu hii ya barua. Nina miaka ishirini na mitatu, nasoma historia hapa Bukavu, na niko mwaka wa mwisho. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu hukumu za mashamba katika mahakama ya kimila ya kijiji chetu, mbele kidogo ya Nyantende, miaka ile ya vita waasi walipokuwa wameshika mji.

Babu yangu, ambaye sote tunamwita Koko, ndiye aliyekuwa karani wa mahakama hiyo. Askari walipoingia wakaanza kuchoma mabenchi ya mahakama kama kuni, yeye alitoa madaftari yote, akayaficha ndani ya mtumbwi wa mti tunaokamulia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akafunika kwa majani. Mpaka leo madaftari yale yananuka uchachu. Hadithi hiyo inasimuliwa kwetu kila sikukuu, na mimi ndiyo iliyonipeleka kusoma historia.

Vita hivi vya sasa vilipofunga chuo kwa majuma kadhaa, nilipanda kijijini kwake. Macho yake yameisha, kwa hiyo mimi nilikuwa nasoma kwa sauti, yeye ananieleza huyu ni nani, kilima kile ni kipi. Kabla ya kusoma nilipiga picha kila ukurasa kwa simu, kama profesa anayeniongoza alivyoniagiza. Zilikuwa siku nzuri. Koko alikuwa anacheka, ananiita "karani wangu".

Siku moja nikafika kwenye jina la Maman Nsimire (nimelibadilisha). Ni mjane anayekuja kulima kwetu kila Jumamosi, na kama malipo tunamwachia kipande cha shamba apande maharagwe yake. Toka utoto namsikia akisema shamba lile lote lilikuwa la mume wake, kwamba walitoa kalinzi, yaani ng'ombe anayepelekwa kwa mwami, chifu wetu, ili ardhi iwe yako na ya watoto wako. Watu humcheka. "Ng'ombe yako iliandikwa wapi, maman? Mbinguni?"

Iliandikwa kwenye daftari la Koko. Nilisoma bila kufikiri: mume wake alitoa ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mbele ya mashahidi watatu. Kisha hukumu: mume alifia Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, mjane alienda kumzika na hajarudi, shamba limebaki bila mwenyewe, linapewa karani wa mahakama.

Mwandiko ulikuwa wa Koko.

"Rudia jina," alisema. Nikarudia. "Leta kitabu nishike."

Nikampa. Akapapasa ukingo wa ukurasa kwa kidole gumba, akaupasua. Mzee aliyeyaokoa madaftari yale mikononi mwa askari aliupasua mbele yangu, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti.

"Andika panya walikula," akasema. Kisha akaongeza, "Barabara ilifungwa miaka mbili, mutoto wangu. Tulijua amekufa. Watu wote walikuwa wanakufa."

"Lakini alirudi, Koko."

"Ndiyo. Alirudi." Akaniomba maji.

Tangu hapo nimechoka na watu wanaonipenda. Papa, nilipomweleza, aliniambia, "Ile shamba njo ilikusomesha, mademoiselle. Ile diplome unatafuta iliota mule." Mama aliniuliza kama nataka kumzika muzee angali anakula. Nikamkimbilia profesa, yeye ambaye darasani hugonga meza akisema nchi yetu inaangamia kwa kukosa nyaraka. Aliitazama picha kwenye simu, akanirudishia. "Weka herufi za mwanzo tu. Ama ruka ile ukurasa. Sisi tunafanya historia, hatufungue kesi." Kila mtu ananiambia nimalize kwanza, nitasema baadaye. Maman Nsimire ameambiwa baadaye kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nakiri kwamba niliandika. Mara nne niliandika chini ya ukurasa wa kazi yangu, "Sehemu hii imeliwa na panya," na mara nne nikafuta. Kilichonitisha ni jinsi sentensi ile ilivyokuwa nzuri. Nilikuwa na mwandiko wa Koko.

Najua mlizoea mtu aandike hapa akiuliza afanye nini. Mimi nimeshafanya. Juma lililopita nilichapisha picha ile mara mbili. Moja nimeiweka mwishoni mwa kazi yangu, majina yote kamili, na la ukoo wangu limo, nikaikabidhi chuoni. Ya pili nilimpelekea Maman Nsimire Jumapili baada ya misa. Hajui kusoma. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa nikamsomea yote, mpaka pale shamba lilipopewa babu yangu. Sikuruka.

Hakulia wala hakunishukuru. Alisema, "Soma tena pale pa ng'ombe."

Nikasoma. Mweusi, doa jeupe kwenye paji.

"Ile doa ilikuwa kama jani," akasema. "Walisahau kuandika." Halafu akaniuliza majina ya mashahidi. Mmoja bado yuko hai, ni katekista wa zamani, anakaa nyuma ya kanisa lile lile. Akakunja karatasi, akaifunga kwenye pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akaenda kumgongea.

Papa hajanisemesha tangu siku ile. Koko anaulizia kwa nini karani wake haji. Ninyi mliopitia mambo kama haya, niambieni mtu anaingiaje tena katika nyumba ya mzee anayempenda, na anaanza na neno gani, kwa maana hilo sijalipata kwenye daftari lolote.

Jana ilikuwa Jumamosi. Maman Nsimire hakuja kulima kwetu.