Mlango wa Donatha

Mlango wa lori la zamani ukipangwa sawasawa, haupigi kelele. Unajifunga kwa sauti moja nzito, kama mtu anayemeza tonge bila haraka. Wiki iliyopita, katika gereji yangu hapa Kagarama, niliisikia sauti hiyo kwenye lori nililolifufua mwenyewe kuanzia fremu, mteja akanipigia makofi. Nilistahili. Diploma yangu ya ufundi iko ukutani, na kila spana iliyomo humu nimeinunua kwa jasho langu, mimi mwanamke niliyeambiwa nikashone nguo. Lakini palepale wivu wa zamani ukanichoma, kwa sababu kuna msichana aliyeijua sauti ile kabla yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumerudi nchini kwetu kutoka ukimbizini Karagwe, tukapata nyumba Kicukiro, na uani baba alikuwa akifufua lori kuukuu lenye pua ndefu. Tuliishi na Donatha, binti wa shangazi yangu, mwenye miaka kumi, aliyeletwa kutoka Bujumbura baada ya wazazi wake kufariki. Alikuja na magauni mawili, Kiswahili cha huko kwao, na masikio aliyorithi kwa baba yake, fundi wa mabasi.

Baba alituahidi: atakayepanga mlango vizuri zaidi ndiye atakayekaa mbele, dirishani, siku lori litakapotoka mara ya kwanza kwenda Rwamagana. Mimi nikapewa mlango wa kulia, Donatha wa kushoto. Alitufundisha kukata soli za kandambili vipande vya unene mmoja, kuvichomeka kuuzunguka mlango ili mwanya uwe sawa kila upande, ndipo kukaza bolti za bawaba. Nilimaliza asubuhi moja, nikajisifu mpaka kwa majirani. Donatha hakuwa amekaza hata bolti moja.

"Unasubiri nini wewe, Yesu arudi?" nikamwuliza.

"Lori iko juu ya mawe, dada," akasema. "Ikishuka kwa matairi yake itajipinda kidogo. Nitakaza hapo."

Nikamcheka sana. Jumamosi baba alifunga matairi, akaliteremsha lori. Mlango wangu ukagoma, ukaiuma nguzo ya mlangoni kwa chini. Donatha akakaza wake, akausukuma kwa kidole kimoja, ukafunga. Baba akaufungua na kuufunga mara tatu huku amefumba macho.

"Umva sha!" akaniambia. "Sikia kazi ya mtu."

Sura ile ya baba, mimi sikuwahi kuipata hata siku moja.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma. Wenzangu walipokwenda misa, nikachukua spana nikalegeza bolti za bawaba ya juu ya mlango wa Donatha. Baba alirudi na wageni, akaufungua kwa madaha ili waone. Mlango ukaning'inia, ukakwaruza rangi mpya mpaka bati likaonekana. Mgeni mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Nani alikaza hii?" baba akauliza.

Donatha akazitazama bolti, kisha akaitazama mikono yangu. Grisi ilikuwa bado chini ya kucha. Nikaificha mikono mgongoni.

"Ni mimi, Mjomba," akasema. "Labda sikukaza muzuri. Unisamehe."

"Basi mbele atakaa Joze," baba akasema, akininyoshea kidole. " Wake angalau haujaharibu rangi."

Donatha akaipanga upya milango yote miwili, wake na wangu. Nikaenda Rwamagana nikiwapungia watu mkono dirishani, yeye akiwa nyuma juu ya magunia. Mlango ulio pembeni yangu haukulia njia nzima, nami nikauchukia kwa hilo.

Kwa miaka mingi nilimwona mjinga. Baadaye, nikijipendelea, nikasema alinipenda mno. Kisha nikaenda kusomea diploma yangu Musanze, nikikaa kwa jamaa zetu. Siku moja mtoto wao alivunja sahani ya wageni. Mama mwenye nyumba alipouliza, yule mtoto akanitazama mimi, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni mimi, Mama." Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa tu nimekumbuka ninalala kwa nani, kama Donatha alivyolala kwetu.

Nikaokota vile vigae sakafuni, nikimwonea Donatha wivu upya: mimi nilikuwa mtu mzima niliyepiga magoti, na yeye aliyasema maneno hayo akiwa na miaka kumi, amesimama wima.